Kutoa maktaba kwenye daftari na kuiingiza kwenye kompyuta: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia maktaba ya vitabu elfu mbili hadi elfu tano hapa Nairobi: maktaba ya shule kule Kayole, ya kanisa Kawangware, ya kikundi cha vijana Kibera, au chumba cha vitabu katika taasisi ndogo mjini. Hana fedha za kununua mfumo wa bei ghali, wala hana mtaalamu wa kompyuta wa kudumu. Ana daftari la usajili, rafu zilizojaa, na wasomaji wanaouliza kila siku, "Mwalimu, kile kitabu kiko?"

Shika jambo moja mapema: sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika rafuni, kabla kompyuta haijawashwa. Mfumo hujua tu kile ulichoupa. Ukiupa jina la mwandishi mmoja kwa namna tano, utakupa waandishi watano. Kwa hiyo, hata kama mfadhili ameshaleta kompyuta, ziache kwenye maboksi yake kwanza.

1. Hesabu vitabu vilivyopo, si vilivyoandikwa

Chagua kipindi ambacho hamuazimishi. Kwa shule, likizo ya Agosti inafaa. Fanyeni kazi wawili wawili: mmoja anatoa kitabu rafuni na kusoma nambari yake, mwingine anatia alama kwenye daftari. Kila kitabu kiende kwenye rundo mojawapo: kinachobaki, kinachohitaji gundi au kushonwa, na kinachoondoka.

Kuwa na moyo mgumu kwenye rundo la tatu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na bado kuna maktaba ambazo rafu zake zimejaa vitabu vya marudio ya mtihani huo. Kila kitabu kama hicho utakachokiingiza kwenye mfumo kitakula dakika zako, stika yako na nafasi yako. Lakini chunguza kabla ya kuondoa. Jarida la zamani la kanisa, ripoti ya mtaa, kijitabu cha historia ya Eastlands kilichochapishwa nakala chache, hivyo havina soko wala mbadala. Vibaki, hata kama havijaazimwa miaka mingi.

Kitabu kinachoondoka, usifute mstari wake daftarini. Andika pembeni tarehe na sababu. Bodi au mkaguzi akiuliza, daftari litajibu.

2. Andika kwenye lahajedwali kabla ya mfumo wowote

LibreOffice Calc ni ya bure na inatosha. Weka safu hizi: nambari ya kitabu, ISBN (nambari ya kimataifa ya kitabu), mwandishi, jina la kitabu, toleo, mchapishaji, mwaka, lugha, nambari ya rafu, hali. Kila nakala ipate mstari wake. Kama mna nakala kumi za kamusi moja, ni mistari kumi yenye nambari kumi tofauti, kwa sababu siku moja utataka kujua ni nakala ipi haikurudi.

Safu ya ISBN ina mtego wake. Lahajedwali huiona kama hesabu, kisha huionyesha kama 9.78997E+12, na ukihifadhi faili ikiwa hivyo nambari imeharibika. ISBN za zamani zinazoanza na sifuri nazo hupoteza sifuri hiyo. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima na uiambie programu kwamba ni maandishi.

ISBN ya tarakimu 13, iliyoanza rasmi Januari 2007, ina njia ya kujikagua. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha ujumlishe. Jumla lazima igawanyike kwa 10. Tuseme umeandika 9789966123459: jumla ni 140, imekubali. Mwenzako akikosea na kugeuza tarakimu mbili za mwisho, iwe 9789966123495, jumla inakuwa 148 na kosa linajianika. Weka fomula hiyo kwenye safu ya pembeni ili ikague mistari yote. Tarakimu zinazofuata 978 nazo husema jambo: 9966 na 9914 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania, 9970 ni Uganda. Kitabu cha mchapishaji wa Nairobi kikionyesha kitu tofauti kabisa, kiangalie tena.

Ukiwa na skana, usichape ISBN kwa mkono hata kidogo. Skana hujifanya kibodi tu: weka kishale kwenye kisanduku, piga msimbopau ulio nyuma ya kitabu, nambari inaingia. Kitabu kisicho na ISBN, acha pakiwa wazi. Usibuni.

Mwaka uutoe kwenye ukurasa wa hakimiliki, ndani. Tofautisha toleo na kuchapishwa tena: kitabu kinaweza kuchapwa mara nane bila neno hata moja kubadilika, na hilo bado ni toleo lile lile.

3. Majina ya waandishi: hapa ndipo penye kazi

Fungua daftari la maktaba yoyote ya Kenya utafute Ngũgĩ wa Thiong'o. Utamkuta kama Ngugi, kama Thiong'o N., kama Ngugi wa Thiongo bila alama, na kama James Ngugi, maana vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina hilo. Kwa kompyuta hao ni watu wanne. Mwanafunzi akitafuta atapata vitabu vitatu, na vingine tisa vitakaa rafuni bila kuonekana.

Amua umbo moja na uliandike kwenye orodha ya majina ambayo kila anayeingiza data ataifuata. Usijitungie: Maktaba ya Bunge la Marekani ina faili ya majina iliyo wazi mtandaoni, na humo yeye ni "Ngũgĩ wa Thiongʼo", bila kugeuzwa, kwa sababu "wa Thiong'o" si jina la ukoo la mtindo wa Kizungu. Kwa majina yetu hili ni jambo la heshima pia. Mtu aitwe anavyojiita.

Ili ũ na ĩ zisigeuke alama za ajabu, hifadhi faili kwa usimbaji wa UTF-8 kila mara unapotoa CSV, yaani faili ya maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma. Programu itakuuliza wakati wa kuhifadhi, usibonyeze tu kuendelea.

Kwa kusafisha mistari elfu kadhaa, tumia OpenRefine, nayo ni ya bure. Ina kazi ya kukusanya pamoja maneno yanayofanana na kukuuliza kama ni kitu kimoja. Ni msaada mkubwa, ila uamuzi ubaki wako. Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed na Muhammed Said Abdulla ni waandishi watatu tofauti, wote wa Zanzibar. Programu inayolinganisha herufi inaweza kukushawishi uwaunganishe, na ukikubali umewapotezea wasomaji wako fasihi ya waandishi watatu.

4. Nambari ya rafu

Maktaba nyingi za hapa hutumia mpango wa Dewey, unaopanga vitabu kwa nambari za mada, nami nakushauri ubaki nao. Lugha ya Kiswahili iko 496.392, fasihi ya Kiswahili 896.392, historia ya Kenya 967.62. Tatizo la maktaba za shule ni kwamba 896.392 hufura: riwaya, diwani na tamthilia zote hulundikana mahali pamoja. Ongeza tarakimu moja mwishoni, kama Dewey mwenyewe anavyoruhusu: 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya na hadithi. Halafu herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi. Riwaya ya Kiswahili itasomeka 896.3923 na herufi hizo tatu chini yake. Usirefushe zaidi ya hapo, maana mgongo wa kitabu chembamba hauna nafasi.

5. Chagua mfumo

Kwa maktaba ya namna hii napendekeza Koha bila kusita. Ni programu huria iliyoanzia New Zealand mwaka 1999, leo inatumika kwenye maktaba ndogo na vyuo vikuu vya nchi nyingi, na haina ada ya leseni. Ina katalogi, kuazimisha, usajili wa wasomaji, ununuzi na ripoti. Sababu yangu kubwa zaidi ni nyingine: data yako hutoka humo kwa umbo la MARC, kiwango cha kuandika rekodi za vitabu kilichobuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, na ambacho mifumo mingi ya maktaba inakielewa. Ukitaka kuhama baada ya miaka kumi, utahama na vitabu vyako vyote. Mtu akikuuzia mfumo wake, swali lako la kwanza liwe: nikiondoka, naondoka na faili gani? Akibabaika, mshukuru kwa muda wake.

Kama kazi yako hasa ni tasnifu, ripoti na picha za kidijitali, basi unahitaji DSpace, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi hutumia kwa hazina yake ya machapisho. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

6. Mashine na stima

Kompyuta moja ya mezani iliyotumika, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inatosha kuwa seva ya maktaba ndogo. Zungukia maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, dai risiti na dhamana ya maandishi, na uiwashe mbele ya muuzaji. Nunua UPS siku hiyo hiyo. Stima ikikatika katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika, na bei ya UPS ni ndogo ukiipima na wiki kumi za kazi. Kompyuta za wasomaji zinaweza kuwa nzee kiasi chochote mradi zifungue kivinjari.

Weka Debian au Ubuntu, ambayo ni mifumo endeshi ya Linux, kisha Koha kwa kufuata maelekezo ya mradi wenyewe. Baada ya kifurushi cha koha-common kuingia, maktaba huundwa kwa amri hii:

sudo koha-create --create-db maktaba

Kama hujawahi kugusa Linux, tafuta kijana wa chuo anayesomea kompyuta umlipe kwa siku mbili, na ukae naye ukiandika kila amri daftarini. Huhitaji intaneti ili Koha ifanye kazi ndani ya jengo; waya wa mtandao au Wi-Fi ya ndani inatosha.

7. Vuta rekodi zilizokwisha kuandikwa na wengine

Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi hapa Nairobi tangu 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana katalogi yake ina vitabu vingi vya Kiswahili na vya wachapishaji wa Kenya. Koha inaweza kuuliza katalogi hiyo moja kwa moja kwa itifaki ya Z39.50, njia ambayo mifumo ya maktaba huulizana rekodi: seva ni lx2.loc.gov, mlango 210, hifadhidata LCDB. Ingiza ISBN, rekodi kamili inakuja na mwandishi, mchapishaji na nambari ya Dewey mara nyingi. Wewe unakagua, unaongeza nambari ya nakala yako, unahifadhi.

Vitabu visivyopatikana huko, vitoe kwenye lahajedwali. MarcEdit hugeuza CSV kuwa MARC: unaiambia safu ipi iende uga upi, yaani sehemu ipi ya rekodi, kila moja ikiwa na nambari yake. ISBN huenda 020, mwandishi 100, jina la kitabu 245, toleo 250, uchapishaji 264, nambari ya Dewey 082, na taarifa za nakala yenyewe 952 ambao ni uga wa Koha. Uga wa 245 una viashiria viwili vya tarakimu moja moja, na cha pili huhesabu herufi na nafasi za kurukwa wakati wa kupanga. Kwa jina la Kiingereza linaloanza na The ni 4, kwa jina la Kiswahili ni 0 daima.

Ingiza rekodi 20 kwanza, uzikague moja moja. Koha hupokea faili kwa hatua mbili, kupanga kisha kuingiza, na inakuruhusu kurudisha nyuma uingizaji wote. Washa ulinganishaji wa ISBN ili kitabu kilichopo kisiingie mara ya pili. Ukiona umeingiza vitabu lakini utafutaji hauvioni, mara nyingi faharasa ya utafutaji haijasasishwa. Lazimisha kwa amri hii:

sudo koha-rebuild-zebra -v -f maktaba

Panga muda kwa ukweli. Mkiweka lengo la vitabu 60 kwa siku, vitabu 3,000 ni siku 50 za kazi, yaani wiki kumi. Anayekuahidi wiki mbili hajawahi kufanya kazi hii.

8. Maneno ya kutafutia, kwa Kiswahili

Hatua hii watu huiruka, na mimi naiona ndiyo inayoamua kama maktaba itatumika au la. Rekodi ulizovuta nje zina mada za Kiingereza. Mwanafunzi wa darasa la saba akiandika "ufugaji wa kuku" hapati kitu, ingawa kitabu kipo rafu ya pili.

Tumia uga wa 653, uliotengwa kwa maneno huru, na uandike mada kwa Kiswahili. Hapo utakutana na jambo ambalo mifumo hii haikulifikiria. Mashine za utafutaji zimezoea lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, na alama ya nyota mwishoni mwa neno huokoa hali. Neno letu hubadilika mbele: shairi, mashairi, ushairi, mkulima, wakulima, kilimo, mti, miti. Nyota mwishoni haisaidii lolote. Dawa ni kuandika maumbo yote: umoja, wingi, na jina la fani. Inachukua nusu dakika kwa kitabu. Andika orodha yako ya mada kwenye faili moja ili leo usiandike "ufugaji" na kesho mwenzako aandike "mifugo" peke yake.

Jaza pia lugha ya kitabu: swa kwa Kiswahili, kik kwa Gĩkũyũ, luo kwa Dholuo, kam kwa Kikamba. Mzazi atakayeuliza vitabu vya mtoto kwa lugha ya nyumbani atajibiwa papo hapo.

9. Stika

Nambari ya msimbopau isiwe na maana yoyote ndani yake; iwe ya mfululizo tu. Kwa desturi, za vitabu huanza na 3 na za kadi za wasomaji huanza na 2, hivyo ukipiga kadi mahali pa kitabu unagundua mara moja. Chapa kwa Code 39 au Code 128, ambazo ni aina za misimbopau, na ujaribu karatasi moja kwa skana yako kabla ya kulipia stika elfu tatu pale River Road.

Bandika nje, kona ya juu ya jalada la nyuma, kisha funika kwa plastiki angavu. Wakati wa kuhesabu hutalazimika kufungua kitabu. Andika nambari hiyo hiyo kwa kalamu ndani ya ukurasa wa jina, kwa sababu stika hubanduka.

10. Wasomaji na siri zao

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama maktaba yako ni chumba kimoja. Chukua unachokihitaji tu: jina, darasa au mtaa, nambari ya simu. Nambari ya kitambulisho ya nini? Kwa watoto, sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi, basi weka fomu moja fupi inayosema unakusanya nini na kwa nini, mzazi atie sahihi.

Historia ya usomaji ni siri kubwa kuliko nambari ya simu. Msichana aliyeazima kitabu kuhusu ujauzito, mzee aliyeazima kitabu kuhusu saratani, hao wamekuamini. Koha ina mpangilio wa kuondoa jina la msomaji kwenye rekodi za vitabu vilivyokwisha kurudishwa. Uwashe. Kila mfanyakazi awe na jina lake na nenosiri lake, na mwanafunzi anayesaidia mezani apewe ruhusa ya kuazimisha tu.

11. Kuanza kuazimisha

Endesheni daftari na mfumo sambamba kwa wiki mbili, kisha daftari lifungwe. Kuendelea na yote mawili kunachosha watu na mwishowe hakuna linaloaminika. Mezani pabaki karatasi yenye safu tatu, saa, kadi na kitabu, kwa siku stima itakapokatika kwa muda mrefu. Ikirudi, karatasi inaingizwa kabla ya jambo lingine.

12. Nakala za akiba

Koha hutengeneza nakala ya hifadhidata kila usiku na kuiweka kwenye folda ya /var/spool/koha. Lakini maktaba nyingi ndogo huzima kompyuta jioni. Ikizimwa, kazi ya usiku inaweza isifanyike, na miezi ikapita bila mtu kujua. Kwa hiyo kabla ya kufunga mlango endesha mwenyewe:

sudo koha-dump maktaba

Ijumaa nakili faili hizo kwenye flashi mbili. Moja ikae ofisini, ya pili iende nyumbani kwa mwalimu mkuu au mwenyekiti, ikiwa imefungwa kwa nenosiri kwa sababu ina data za watu. Mara moja kila muhula rudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone inafunguka.

13. Uliza data maswali

Baada ya miezi mitatu una kitu ambacho daftari halikuweza kukupa. Kwenye sehemu ya ripoti uliza: vitabu gani havijaazimwa hata mara moja? Vipi vina foleni? Darasa gani haliji? Siku gani meza inalemewa? Ripoti hutoka kama CSV na unaifungua kwenye lahajedwali ile ile uliyoizoea.

Ila soma namba ukiwa umesimama rafuni. Kitabu kisichoazimwa kinaweza kuwa kibaya, kinaweza pia kuwa rafu ya chini kabisa nyuma ya mlango, au hakina neno hata moja la Kiswahili kwenye uga wa 653. Kihamishe mahali pa macho, kipe maneno, kisubiri muhula mmoja, kisha endesha ripoti tena. Vitabu vyenye foleni ndefu, peleka orodha yake kwenye mkutano wa bodi ikiwa na idadi ya wanaosubiri pembeni ya kila jina, pamoja na bei ya nakala mbili za ziada.